Je, Kutosikia Habari Huleta Furaha?

Mgeni afikaye Nyarugusu, katika Wilaya ya Geita, hupewa swali kabla hajapewa kiti: "Habari za huko utokako?" Naye hujibu, "Nzuri." (Tunazungumzia Nyarugusu ya machimbo ya dhahabu, wala si ile ya Mkoa wa Kigoma yenye kambi ya wakimbizi.) Huo ndio utaratibu wa lugha yetu. Neno tulitumialo katika salamu ndilo hilo hilo tulitumialo kwa yasomwayo redioni na yaandikwayo magazetini. Kumwuliza mtu habari ni kumjali.

Hata hivyo, wako watu wengi siku hizi ambao wameamua kutosikia habari. Husema kwamba habari zimejaa vita, ajali na magonjwa, na kwamba tangu walipofunga redio wanalala vizuri zaidi. Watu hao si wachache. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford huwahoji kila mwaka watumiaji wa intaneti wa nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Mwaka 2017, watu 29 katika kila 100 walisema kwamba mara kwa mara, au pengine, hukwepa habari kwa makusudi. Mwaka 2024 walikuwa 39 katika kila 100.

Je, watu hao wana haki? Katika makala haya tutajaribu kulichunguza swali hilo kwa njia ya kisayansi, yaani kwa kutazama majaribio yaliyofanywa, kisha kuyapima kwa maisha ya sehemu moja tuijuayo.

1. Tulielewe swali lenyewe

Kabla ya kupima kitu, mwanasayansi hukieleza. Neno "furaha" lina maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni hali ya moyo kwa saa hii: je, sasa hivi mtu ana raha au ana wasiwasi? Ya pili ni ridhaa ya mtu anapoyatazama maisha yake kwa jumla. Mchimbaji aliyelala usingizi mzito chini ya ukuta wa duara uliopasuka ana furaha ya aina ya kwanza. Hatuwezi kusema kwamba ana ile ya pili kwa salama.

Neno "habari" nalo lina mafungu. Yako mambo ya mbali ambayo hatuna la kuyafanya. Yako mambo ya karibu yanayotutaka tutende jambo. Na uko uvumi, ambao huvaa nguo za habari lakini haukupimwa na mtu yeyote. Tutaona kwamba jibu la swali letu hutegemea sana fungu tunalolizungumzia.

2. Habari mbaya na mwili wa binadamu

Mtu anapotambua hatari, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala huanza kufanya kazi. Ujumbe hupelekwa kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga katika damu homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, viganja hutoa jasho, na misuli hujiandaa kwa kupigana au kukimbia. Utaratibu huu ni mwema kwa mtu aliyekutana na chui njiani. Taabu ni kwamba mwili hauwezi kutofautisha barabara kati ya chui na taarifa juu ya chui.

Mwaka 1997 Wendy Johnston na Graham Davey wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio rahisi. Waliwaonyesha watu taarifa za habari za televisheni za dakika 14. Kundi moja lilionyeshwa habari mbaya, la pili habari za kawaida, na la tatu habari njema. Waliotazama habari mbaya walizidi kuwa na huzuni na wasiwasi. Zaidi ya hapo, walipoulizwa juu ya matatizo yao wenyewe, ambayo hayakutajwa kabisa katika taarifa hizo, waliyaona kuwa makubwa zaidi. Habari ya mbali ilikuwa imeipaka rangi nyeusi nyumba ya karibu.

Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi 17, zikiwamo Ghana na Senegal, kwa watu zaidi ya 1,000. Walipima mapigo ya moyo na unyevu wa ngozi wakati watu wakitazama habari. Kwa wastani mwili ulishtuka zaidi kwa habari mbaya kuliko kwa habari njema, ingawa watu walitofautiana sana. Kwa hiyo mvuto wa habari mbaya si tabia ya taifa moja.

Mfano wa tatu unahitaji uangalifu. Mwezi Aprili 2013 mabomu yalilipuka katika mbio za marathoni za Boston, Marekani. Alison Holman na wenzake waliwahoji watu 4,675, na wakatoa matokeo mwaka 2014. Waliotazama taarifa za mabomu hayo kwa saa sita au zaidi kila siku katika juma lililofuata walikuwa na dalili nyingi za msukosuko wa moyo, hata kuwapita waliokuwapo mahali pa tukio. Je, hii yathibitisha kwamba habari ndizo zilizowadhuru? Si lazima. Yawezekana kwamba watu wenye wasiwasi tangu mwanzo ndio waliotazama zaidi. Mwanafunzi wa sayansi na akumbuke daima: mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine.

3. Kwa nini habari nyingi ni mbaya?

Watu wengi huwalaumu waandishi wa habari. Lakini iko sababu ya msingi zaidi, nayo hutokana na hesabu. Mwaka 1948 mhandisi wa Kimarekani, Claude Shannon, alionyesha kwamba kiasi cha habari kilichomo katika ujumbe hutegemea jinsi ujumbe huo usivyotazamiwa. Kipimo chake huitwa biti. Ikiwa jambo hutokea mara moja katika kila 2, kulisikia kwatupa biti 1. Ikiwa hutokea mara moja katika kila 8, twauliza: namba 2 katika kipeo gani hutoa 8? Jibu ni 3, kwa hiyo tumepata biti 3. Na ikiwa jambo ni la hakika, hutokea kila mara, twauliza: 2 katika kipeo gani hutoa 1? Jibu ni sifuri. Ujumbe ambao ni ule ule siku zote hautupi habari yoyote.

Sasa tuyatazame machimbo. Tuseme yako maduara 300, na leo moja limeporomoka. Redio haitasoma majina ya maduara 299 yaliyosimama salama. Itasema juu ya moja. Haijasema uongo, lakini msikilizaji aliye mbali, ambaye kila anapolisikia jina la Nyarugusu ni kwa ajili ya kifusi, hatimaye huamini kwamba huko kila duara huporomoka. Amepewa sampuli isiyo ya haki. Habari hutufundisha yaliyo adimu, na sisi huyadhania kuwa ndiyo ya kawaida. Kwa hiyo kinga ya kwanza si kuziba masikio. Ni kujiuliza, "Kati ya mangapi?"

4. Jaribio la kuacha

Jaribio lililo karibu sana na swali letu ni la Hunt Allcott na wenzake wa Marekani, lililotolewa mwaka 2020. Watu walikubali kufunga kurasa zao za Facebook kwa majuma manne kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018, na wakalinganishwa na kundi ambalo halikufunga. Kwa kuwa makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu, hapa twaweza kuzungumza juu ya sababu na matokeo.

Matokeo yalikuwa mawili. Waliofunga walipata muda zaidi wa kukaa na jamaa na rafiki, na furaha yao iliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Lakini walipoulizwa maswali juu ya mambo ya nchi yao, walijua machache zaidi. Facebook si sawa na habari, kwa hiyo tusiyatumie matokeo hayo kupita kipimo. Hata hivyo yatuonyesha umbo la biashara yenyewe: utulivu kidogo hununuliwa kwa ujuzi kidogo. Swali linalobaki ni hili: ujuzi huo uliouzwa ulikuwa na thamani gani?

5. Giza nalo lina gharama yake

Wahenga walisema, "Usilolijua ni usiku wa giza." Mwaka 2016 wanasayansi wa University College London waliipima hekima hiyo bila kuitaja. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta: waliona mawe, wakakisia kama chini ya kila jiwe yuko nyoka. Kila alipoonekana nyoka, mchezaji alipata mshtuko wa umeme mkononi wenye maumivu. Watafiti walipima jasho na upana wa mboni za macho. Msukosuko haukuwa mkubwa kuliko wote pale mtu alipojua kwa hakika kwamba ataumizwa. Ulikuwa mkubwa kuliko wote pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Kujua kwamba nyoka yupo kulitesa kidogo kuliko kutojua kama yupo.

Watu wa ukanda wa dhahabu hawahitaji kompyuta kulifahamu jambo hilo. Tarehe 5 Oktoba 2015 mgodi uliporomoka huko Nyangalata, Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi na wadudu na kunywa maji ya matope. Uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba ulipita juu ya vichwa vyao, na Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba, wao wakiwa gizani. Hakuna watu waliotengwa na habari kuliko hao. Na huku juu, jamaa zao nao walikuwa katika giza la namna nyingine. Mwezi Januari 2017, watu 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu yenyewe, na wote wakaokolewa siku chache baadaye. Aliyewahi kusimama kando ya shimo akingoja jina moja litajwe hatasema kwamba kutojua ni raha.

Gharama nyingine ni ya fedha. Bei ya dhahabu hupangwa London mara mbili kila siku ya kazi, kwa wakia ya gramu 31.1. Tuseme bei ni dola 3,110 kwa wakia. Basi gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100. Mchimbaji asiyefuata habari ya bei hupokea atakachotajiwa na mnunuzi. Akitajiwa dola 70, amelipia utulivu wake dola 30 kwa kila gramu. Kufunguliwa kwa soko la madini mjini Geita mwezi Machi 2019 kulisaidia, kwa kuwa soko ni mahali ambapo habari ya bei huwa ya wote.

Gharama ya tatu ni ya uhai. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, jirani kabisa na Mkoa wa Geita. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote 10 walikufa. Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025. Ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Kwa hiyo wamwuguzao mgonjwa na waoshao maiti ndio walio katika hatari zaidi. Mtu aliyefunga redio yake mwezi huo kwa ajili ya kutafuta furaha angeweza kwenda kumwosha jirani yake kwa moyo mwema, kwa mikono mitupu.

Tena, asiyesikia habari hakai na masikio matupu. Nafasi ya habari hujazwa na uvumi, nao haukubali kuulizwa "Kati ya mangapi?" wala "Nani ameona?"

6. Mwano

Kwa Wasukuma, yowe la kuomba msaada huitwa mwano. Mwizi akivamia zizi, yowe hupigwa, na kila mwanamume alisikiaye hutoka mbio. Sungusungu walipoanza katika mikoa ya Shinyanga na Tabora mapema katika miaka ya 1980, waliujenga ulinzi wao juu ya desturi hiyo.

Mwano ni habari mbaya kabisa. Mbona basi haikuwaletea watu ugonjwa wa wasiwasi? Kwa sababu ulikuwa na mambo matatu. Ulitoka karibu. Ulikuwa na mwisho: mwizi alipokamatwa, watu walirudi kulala. Na zaidi ya yote, ulimpa kila asikiaye kazi ya kufanya. Adrenalini iliyomwagwa katika damu ilitumiwa na miguu.

Simu ya mkononi imetuletea mwano wa dunia nzima, usiku na mchana, nasi tumelala kitandani hatuna pa kukimbilia. Moyo hupiga mbio, miguu imetulia. Hapo ndipo penye madhara. Habari mbaya isiyo na kazi ya kufanya hubaki mwilini kama maji yaliyotuama.

Nchi yetu ina mfano bora wa njia iliyo kinyume. Mwaka 1973 Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi vya "Mtu ni Afya". Habari zake hazikuwa za kuchekesha: malaria, kichocho, safura, kuhara. Lakini watu wazima wapatao milioni 2 hawakuzisikiliza mmoja mmoja. Walikaa katika vikundi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Vyoo vilichimbwa na madimbwi ya mbu yakafukiwa. Habari mbaya ilipokutana na jirani na jembe, ikawa jambo la kujivunia.

7. Msiba wakati wa mtihani

Liko jambo moja ambalo walimu wa sekondari hulikuta kila mwaka. Mwanafunzi yuko katika mtihani wa mwisho, na nyumbani kumetokea msiba. Je, aambiwe? Desturi ya wengi ni kumficha mpaka amalize.

Mwandishi wa makala haya alifichwa. Alipokuwa kidato cha nne, babu yake aliyemlea alifariki dunia siku ya pili ya mtihani, akazikwa mwandishi akiwa katika chumba cha hesabu, umbali wa saa tatu tu kwa basi. Aliambiwa alipofika nyumbani na sanduku lake. Alifaulu mtihani ule, na hawalaumu wazee wake. Walitenda kwa upendo, na pengine bila wao asingefika alipofika.

Lakini sharti tuhesabu gharama zote. Miaka kadhaa baadaye, akiwa masomoni ng'ambo, kila alipopiga simu baba yake alimjibu, "Huku hatujambo sote." Neno lile lilikuwa limekufa. Lingesemwa watu wakiwa wazima, na lingesemwa hata kama kungekuwa na jeneza sebuleni. Kwa kipimo cha Shannon lilikuwa na biti sifuri. Mdogo wake alikuwa akishuka katika maduara ya Nyarugusu wakati huo, na mwandishi alilala kama wale watu 45 mbele ya mawe yao: nusu kwa nusu.

Hatimaye alimwambia baba yake, "Baba, naomba tuwekeane ahadi. Likitokea jambo niambie siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya mtihani. Ndipo utakaponiambia hamjambo, nami nitaamini." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Basi leo nakuambia: mguu wa mama yako umevimba tangu juma lililopita." Habari ilikuwa mbaya. Mwandishi alituma fedha za hospitali asubuhi yake, na usiku huo alilala.

Anayezuiliwa habari mbaya ananyang'anywa pia habari njema, kwa sababu hawezi tena kuzitambua. Kwa hiyo twawashauri walimu: kabla ya msimu wa mitihani, mwulizeni kila mwanafunzi na wazazi wake wangependa jambo la namna hiyo lifanywe vipi. Ikiwa mwanafunzi mwenyewe ameomba asiambiwe mpaka amalize, hajadanganywa, amechagua.

8. Hitimisho

Turudi kwenye swali letu. Majaribio yatuonyesha kwamba habari mbaya nyingi, zikirudiwa-rudiwa, huharibu hali ya moyo, na kwamba kuzipunguza huleta nafuu kidogo. Mtu anayesikiliza taarifa mara moja au mbili kwa siku, kisha akafunga redio, hafanyi kosa; anatumia akili. Lakini kutosikia kabisa ni jambo jingine. Raha yake ni ya kukopa, na mkopeshaji huja bila kupiga hodi.

Kila habari na iulizwe maswali matatu. Nani ameona? Kati ya mangapi? Nami nina kazi gani? Ikiwa kwa swali la tatu jibu ni "sina", isikie mara moja, wahurumie waliopatwa, kisha iache ipite. Ikiwa jibu ni "ninayo", simama uifanye.

Mazoezi

1. Katika mji mmoja mvua hunyesha siku 1 kati ya kila 16 za mwezi fulani. Mtu anayekuambia kwamba mvua imenyesha amekupa biti ngapi?

2. Sikiliza taarifa moja ya habari ya redio. Andika kila habari katika safu mbili: zile ambazo wewe au kijiji chako mna kazi ya kufanya, na zile ambazo hamna. Linganisheni matokeo darasani.

3. Eleza kwa nini utafiti wa Boston wa mwaka 2014 hautoshi kuthibitisha sababu, na jinsi jaribio la mwaka 2018 lilivyoiepuka shida hiyo.

4. Jadilini: je, mwanafunzi aliye katika mtihani aambiwe habari ya msiba? Kila upande utoe sababu zake bila kutaja msiba wa mtu yeyote aliyemo darasani.